Yaliyobaki Kwenye Tepu ya Kiwanda

Kwako Baba,

Albamu yako imetoka tena. Safari hii si kaseti ya plastiki. Ni santuri mbili nyeusi ndani ya jalada gumu, na juu ya jalada kuna picha ya mabati ya nyumba yetu ya Tetu yakiwa yamelowa. Kampuni ndogo ya ng'ambo ndiyo iliyoitoa. Watu ambao hawajawahi kuona mti wa kahawa wanakaa vyumbani mwao wakisikiliza vyura wa bwawa letu, mvua ya mawe juu ya paa, maziwa yakimiminwa kwenye mkebe, na katikati ya hayo yote mikono ya Wahome ikigonga ngoma na madebe polepole.

Ningependa kukupa habari hizi kwa furaha tu. Lakini unajua kilicho upande wa pili wa albamu hiyo, na watu wa kwetu wanajua pia, au wanadhani wanajua. Tangu itoke wameanza tena kusema. Juzi dukani kwangu Nyeri, mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe aliniuliza huku nikimfungia, "Ati hiyo ndiyo ile ya mzee alirekodi bibi yake akilia?"

Nilimpa dawa yake na chenji yake, akaenda. Ndiyo sababu barua hii nimeiandika wazi. Ulisemwa hadharani, Baba, na mimi ndiye niliyewapa watu maneno ya kusema.

Nianze na siku ya mvua ya mawe, kwa sababu siku hiyo tulikuwa bado watatu. Ulikuwa umefunga mapema kibanda chako cha kutengeneza redio, ukafika nyumbani mbio, ukachukua sufuria za Mama moja baada ya nyingine na kuzipanga chini ya ukingo wa paa, zimegeuzwa juu chini. Barafu ilipoanza kudunda juu yake, kila sufuria ilitoa sauti yake. Ulikuwa umechuchumaa mlangoni, hedifoni masikioni, maikrofoni umeifunika kwa kofia yako ya sufu. Mama akatoka jikoni. "Hizo ni sufuria zangu za wageni," akasema, na ukampungia mkono anyamaze, naye akaongeza sauti makusudi. Baadaye ulimchezea. Alipojisikia akigomba katikati ya mvua, alicheka mpaka akakaa chini. Sauti yake hiyo iko kwenye wimbo wa pili, kama wimbo ni jina lake. Wewe hukuviita nyimbo. Ulisema ni vipande.

Jumapili baada ya kanisa ulinichukua tukaenda kutafuta vipande. Mara msitu wa mianzi, mara mtoni, mara kwa jirani aliyekuwa na ng'ombe anayekoroma. Wahome alikuja na ngoma yake na zile njuga anazofunga miguuni. Siku za kazi alikuwa mwashi, Jumapili alipiga ngoma kanisani, na alikuwa mtu wa pekee pale kijijini ambaye hakukuuliza albamu gani haina mwimbaji. Mkifika mahali, yeye alikaa kwanza bila kugusa chochote. Kisha angeanza kugonga kitu kilicho karibu, jiwe au debe au ukuta, akifuata mwendo wa pale. Nami nilipotaka kuuliza jambo, uliniwekea kiganja begani. "Nyamaza kidogo, usikie." Sikuyachukia maneno hayo mpaka nilipofika miaka tisa.

Mwaka huo Mama alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, msimu wa mavuno. Ulitamani sana ile mashine ya kutoa maganda. Ulisema mngurumo wake una mwendo ambao hakuna mpigaji ngoma angeubuni. Ukaomba ruhusa, ukaruhusiwa, na alasiri moja tukaenda. Mimi nilikaa juu ya magunia matupu karibu na mlango. Wahome alikuwa nje, kwenye tangi la maji, akiligonga kwa viganja. Wewe ulisimama hatua kumi hivi kutoka kwenye mashine, umeupa mgongo upande aliokuwa Mama, ili maikrofoni iangalie mfereji wa kuoshea kahawa. Majani yalikuwa yakiziba mdomo wa mashine kila mara na Mama ndiye aliyekuwa akiyatoa.

Ule mkanda wa mashine ulikuwa na tabia ya kupiga yowe. Ulipiga yowe tangu tulipofika, mara mbili au tatu, na wanawake wakacheka nilipoziba masikio. Kwa hiyo yowe jingine liliposikika sikugeuka. Nilikuwa nikiangalia uso wako. Macho ulikuwa umeyafumba, na ulikuwa unatabasamu.

Kisha niliona watu wanakimbia, nikageuka. Mkono wa sweta ya Mama ulikuwa umeshikwa na mkanda.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Alipotoka hospitali hakukuuliza wewe chochote. Aliniuliza mimi. Alinikalisha kitandani kwake, mkono ukiwa umefungwa bandeji nene, akasema, "Ciru, wewe ulikuwa unamuona. Nilipopiga kelele, baba yako alikuwa anafanya nini?"

Nikasema, "Alikuwa anatabasamu."

Ni hayo tu. Wiki iliyofuata alikwenda kwa dada yake Kutus na hakurudi. Aliwaambia watu sababu, nao wakaambiana. Ulipotoa kaseti mwaka uliofuata, na kile kipande cha kiwanda ukakiweka upande wa pili, hata waliokutetea walinyamaza. Walisema ukisikiliza vizuri mwishoni utamsikia. Mimi sikuwahi kusikiliza. Niliishi nawe, nikakupikia, nikasoma kwa taa yako ukichomelea nyaya za redio za watu, na sikukuuliza. Nilikuwa nimeshasema nilichosema. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kukirudia. Ulipokufa, miaka minne iliyopita, Mama hakuja kukuzika.

Sasa nikueleze yaliyotokea mwaka huu.

Kaseti yako moja ilikuwa kwa mzee wa Nanyuki, muuza mbuzi, ambaye kwa miaka yote hiyo aliisikiliza kwenye lori lake akienda minadani. Mwanawe aliiweka kwenye mtandao, na huko ndiko kampuni ile ilikoisikia. Wakamtuma fundi wa sauti wa Nairobi, kijana anayeitwa Otieno, anitafute. Nilimpa sanduku lote la tepu zako lililokuwa juu ya kabati. Alisema wanahitaji sahihi mbili ili waitoe, yangu na ya mke wa marehemu, kwa sababu hamkuwahi kuachana kisheria. Nilimwambia ya pili asahau.

Baada ya mwezi alinipigia simu. Nilikuwa dukani. "Dada Ciru," akasema, "kuna tepu moja umeiandikia, yaani mzee ameiandikia, Usifute. Ni ya kiwanda. Kwa albamu alitumia dakika sita za kwanza tu. Mimi nimeskiza zile zimebaki. Sitaki kukuambia kwa simu. Nakuja huko. Tupatane Sagana."

Nilimwambia aniambie hapo hapo. Akakataa.

Siku tatu nilizongoja nilipima dawa za watu vibaya, nikalazimika kumkimbilia mteja mmoja hadi stendi. Nilijua kilichokuwa kwenye tepu ile. Nilijua ni Mama, na wewe umesimama tu. Nilichoogopa ni kwamba sasa kingekuwepo nje ya kichwa changu, kitu ambacho mtu anaweza kukicheza na kukirudia.

Tulikutana Sagana, kwenye uwanja wa hoteli moja kando ya barabara kuu. Nilikaa ndani ya gari lake, malori yakipita nje. Akanipa hedifoni. "Nikuwekee kutoka wapi?"

"Kutoka mwanzo."

Mwanzo ni sauti ya Mama. Hilo sikulijua, Baba. Kipande chako kinaanza na Mama akimwambia mtu, "Ongezeni maji hapo," kisha anacheka. Mashine inanguruma, mikono ya Wahome inaingia, mkanda unapiga yowe na kunyamaza. Albamu inakomea hapo. Hakuna kilio. Ulikata kabla.

Tepu haikukoma. Yowe jingine linakuja. Mashine inaendelea. Wahome anaendelea kugonga. Nilihesabu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na akili yangu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha sauti yako: "Zima. Zima mashine. Nyambura." Unamwita Mama kwa jina. Kitu kizito kinaanguka, nadhani ni kile kisimamio cha maikrofoni, na nasikia miguu yako ikikimbia juu ya saruji. Mngurumo unakatika. Halafu ni wewe tu, dakika nyingi, sauti yako ikiwa mbali kidogo na maikrofoni. "Niko hapa. Niangalie mimi. Usiangalie mkono, niangalie mimi." Unarudia na kurudia. Mahali pengine unashindwa, unalia, kisha unaanza tena.

Lori la kumpeleka Mama hospitali lilipofika kwenye tepu nikaivua hedifoni.

"Naweza kuifuta," Otieno akasema. "Hakuna mtu atajua."

"Hapana. Tunaenda Kutus."

Mama anakaa nyuma ya soko, vyumba viwili, na bado anauza vitenge siku za soko. Alimpokea Otieno vizuri, akamwekea chai na nduma za kuchemsha. Kisha akasema, "Kijana, chai kunywa. Lakini hiyo karatasi usiitoe kwa mfuko."

"Sawa, Mama," Otieno akasema.

"Ciru alikuambia mambo yetu?"

"Kidogo."

"Basi unajua. Hiyo kelele ya huyo mzee siitaki kwa nyumba yangu. Hao wazungu wakitaka ya mvua, wachukue ya mvua."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Sagana, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Mama, ulipoingia kwa mashine kuna sauti yake akikuita. Kuna tepu. Nimeisikia leo."

Aliweka kikombe chini. Aliniangalia kwa muda ambao ningependa kuusahau.

"Wewe ndiye uliniambia alikuwa anacheka."

"Nilisema anatabasamu. Na nilimwona kweli. Lakini nilikuwa sijajua kwamba ni wewe. Nilidhani ni mkanda, kama zile mara za kwanza. Sijui tabasamu hilo lilikuwa la kabla ama la wakati gani. Nilikuwa nimeangalia upande wake, Mama, si upande wako."

Mama akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu, kiganja juu, kumwelekea Otieno. Otieno akampa hedifoni.

Sijawahi kungoja hivyo. Mimi sikusikia chochote isipokuwa watu wa sokoni nje. Niliona uso wake tu, na tepu nilikuwa nayo kichwani, kwa hiyo nilijua alipo. Alipojisikia akiagiza maji, nyusi zilipanda. Kwenye yowe la kwanza hakutikisika. Kisha likaja lile jingine, akakamata ukingo wa meza, nami nikaanza kuhesabu, na nikaona midomo yake ikisogea, na yeye anahesabu. Tulifika tano pamoja.

"Rudisha," akamwambia Otieno.

Alisikiliza pale mara tatu. Safari ya tatu aliacha iendelee. Alikaa ameinama, akisikiliza ukimwambia akuangalie, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta. Lori lilipofika aliivua hedifoni.

"Ni fupi," akasema. "Mimi niliona nimekaa hapo siku nzima. Na ni fupi hivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Haya mengine siyakumbuki. Kuniambia ati nimuangalie."

"Ulikuwa umezimia."

Akafikiri. "Alikuwa nayo hii tepu wakati wote? Hiyo miaka yote?"

"Alikuwa nayo. Aliiandika isifutwe."

"Na hakuniletea."

Nilitaka kukutetea, lakini Mama akajijibu mwenyewe, taratibu. "Ni kwa sababu ya pale kabla hajaita. Namjua. Hangekuja kujitetea na kitu iko na hizo sekunde ndani." Kisha akakasirika, Baba, hasira ambayo nilikuwa sijawahi kumwona nayo, tofauti kabisa na ile niliyokua nayo. Aligonga meza kwa kile kiganja. "Mjinga huyo. Angeniletea ningemtukana wiki moja, mbili, halafu ningerudi nyumbani. Alidhani mimi nataka mtu ako na masikio ya aina gani?"

Otieno alikuwa anaangalia chai yake. Mimi nikasema kile nilichokuwa nimekuja kusema. "Ni mimi niliyekwambia, Mama. Ningenyamaza, usingeondoka."

"Wewe ulikuwa na miaka tisa," akasema. "Mimi nilikuwa na thelathini na moja, na nikaenda kuuliza mtoto badala ya kuuliza bwana yangu. Hiyo usibebe. Hiyo ni yangu."

Akamwambia Otieno atoe karatasi. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari. Akaweka masharti mawili. Kile kipande cha kiwanda kibaki kama ulivyokikata, kisiongezwe hata punje. Na tepu yenyewe, ile ya mkono wako, irudi kwake. "Kelele zangu si za kuuzwa," akasema. Kisha akauliza kama majina ya watu yataandikwa kwenye jalada. Otieno akasema yataandikwa, lako na la Wahome.

"Na yule anaitisha maji ni nani?"

Sasa limeandikwa. Ukifungua jalada, chini ya jina lako na la Wahome, kuna Nyambura: sauti.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Otieno alimrudishia tepu pamoja na rekoda ndogo ya kuichezea. Miezi miwili Mama hakuigusia, nami sikumuuliza. Kisha Jumamosi iliyopita, asubuhi, akanipigia. "Njoo unisaidie kusikia kitu. Iko mwisho kabisa, baada ya lori kwenda. Masikio yangu haishiki."

Nilimwambia hakuna kitu baada ya lori. Mlikwenda hospitali, kiwanda kikabaki kitupu.

"Kuna mtu," akasema.

Nilifika Kutus kabla ya saa sita mchana. Alikuwa ameweka rekoda mezani na viti viwili. Akaicheza bila kuniambia lolote. Lori linanguruma, milango inafungwa, watu wanapiga kelele wakielekezana, na lori linaondoka. Ile maikrofoni yako ilibaki sakafuni mlipoiacha. Maji yanapita kwenye mfereji. Yanapita kwa muda mrefu sana. Na halafu, karibu kabisa na maikrofoni, mtoto wa kike anasema, "Baba?"

Maji yanaendelea.

"Baba. Mama. Mmeenda wapi?"

Sikuwa nakumbuka, Baba. Nilikumbuka magunia, uso wako, mkanda, kisha nakumbuka niko nyumbani. Katikati sikuwahi kujiuliza. Yule mtoto aliita mara tisa, halii hata mara moja, anauliza tu kwa adabu kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu. Kisha miguu inakuja na sauti ya Wahome inasema, "Kumbe uko hapa. Wamekuacha? Njoo, njoo tuende kwetu ukule." Mkwaruzo, na tepu inakwisha.

Mama alikuwa ameushika mkono wangu kwa ule mkono wake. Alibana kwa nguvu kuliko nilivyodhani anaweza.

"Hata sikuuliza," akasema. "Nilitoka hospitali nikakuuliza habari yake, na sikuuliza wewe ulirudi nyumbani na nani."

Nilimwambia haidhuru. Akasema inadhuru.

Jioni alinisindikiza hadi stendi, na njiani akaniambia kwamba mwezi ujao kahawa ikianza kuiva atakuja Tetu. Sikumuuliza ni kwenye kaburi lako anakokuja ama ni kwa Wahome, maana ana maneno na nyote wawili. Nilimwambia nitamngoja barabarani.

Kwa hiyo nawajibu watu wa kwetu, mbele yako. Baba yangu alichelewa sekunde tano, kama tulivyochelewa sote tuliokuwa pale. Baadaye alikimbia. Mtu akija tena dukani kuniuliza, hilo ndilo nitakalomwambia, na nitalisema kwa sauti.

Na wewe unisamehe kwa kukaa nawe nyumba moja miaka yote ile bila kukuuliza. Ungenijibu. Nadhani ulikuwa unangoja niulize.

Pumzika, Baba.

Mtoto wako wa pekee,
Ciru